Hisa za Nyumbani au za Dunia: Hesabu ya Mwekezaji wa Mara

Dhahabu ya Nyamongo huchimbwa wilayani Tarime, ndani ya mkoa wa Mara, mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka stendi ya Bweri mjini Musoma. Hata hivyo, mtu wa Musoma, Bunda au Butiama anayetaka kumiliki japo sehemu ndogo ya mgodi ule wa North Mara hawezi leo kuipata katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kuna miaka aliweza. Desemba 2011 hisa za African Barrick Gold, iliyobadili jina baadaye na kuitwa Acacia, ziliorodheshwa Dar es Salaam sambamba na London. Mwaka 2019 kampuni mama, Barrick, iliwanunua wanahisa wote waliobaki, na hisa hizo zikaondoka sokoni. Serikali ina asilimia 16 kupitia Twiga Minerals kwa niaba ya wananchi wote, lakini sehemu hiyo hakuna anayeweza kuinunua wala kuiuza. Mwenye kutaka hisa za mgodi ulio mlangoni kwake sasa inabidi azifuate New York au Toronto.

Nimeanza na mgodi huo kwa sababu unavuruga mapema wazo tulilozoea, kwamba hisa za ndani ni zile za vitu tunavyoviona na za nje ni za vitu vya mbali. Swali la makala haya ni la mtu anayeweka pesa ya miaka 20 au 30: pesa ya uzeeni, au ya mtoto ambaye leo yuko chekechea. Je, aweke katika mfuko unaofuata soko la hisa la hapa nyumbani, au unaofuata masoko ya dunia? Ng'ambo swali hili limejadiliwa kwa miongo kadhaa, na majibu yake hutufikia kwenye simu yakiwa yameandikwa kwa ajili ya mtu anayelipwa kwa dola na atakayezeekea Ohio. Mwalimu wa sekondari Bunda ana hesabu nyingine kabisa, na ni hiyo ninayotaka tuifanye.

Kwanza mfuko wenyewe. Mfuko wa fahirisi hauna meneja anayekesha akichagua kampuni ipi itapanda. Hununua kampuni zote zilizomo katika fahirisi, yaani kipimo cha soko fulani, kwa uwiano wa ukubwa wao, kisha hukaa nazo. Mmarekani John Bogle ndiye aliyeufungua mfuko wa kwanza wa aina hii kwa wawekezaji wa kawaida, mwaka 1976, kupitia kampuni ya Vanguard. Alitarajia kukusanya dola milioni 150, akapata kama milioni 11 tu, na wengi wakamcheka. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: wawekezaji wote kwa pamoja ndio soko, kwa hiyo wastani wao hauwezi kulishinda soko, na anayelipa ada ndogo atabaki na kikubwa. Kwa muda mrefu ada hula sana. Shilingi milioni 10 zikikua kwa asilimia 10 kila mwaka kwa miaka 25 hufika kama milioni 108. Ada na makato yakichukua asilimia 1.5 kila mwaka, ukuaji unakuwa asilimia 8.5, na mwisho wake ni kama milioni 77. Milioni 31 zimekwenda kwa wasimamizi, na mwenye pesa hakuona siku hata moja akikatwa kiasi cha kumshtua.

Hoja ya Bogle ina sharti lisilosemwa sana: soko liwe pana, na hisa zake ziwe zinauzwa na kununuliwa kila siku. Hapo ndipo soko letu linapoleta ugumu.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja, TOL ya gesi, na miezi michache baadaye ikaingia Tanzania Breweries (TBL). Robo karne baadaye, kampuni zilizoorodheshwa hazijafika 30. Soko lenyewe hutoa fahirisi mbili kubwa. Moja hujumuisha kampuni zote, zikiwemo za Kenya zilizoorodheshwa pia Dar es Salaam, kama KCB, East African Breweries, Jubilee na Kenya Airways. Nyingine ni ya kampuni za Tanzania peke yake. Anayefuatilia ile ya kwanza huona inashuka siku ambayo Dar es Salaam hakuna lililotokea, kwa sababu tu bei zimeshuka Nairobi. Na hata hivyo, hisa hizo za Kenya haziuzwi kwa urahisi hapa. Nyingi hukaa muda mrefu bila muamala wowote.

Fahirisi ya kampuni za ndani nayo imebebwa na majina machache: NMB, CRDB, TBL, kampuni ya sigara ya TCC, Vodacom na saruji ya Twiga. Mfuko unaoifuata kwa uaminifu ni mfuko wa benki mbili, bia, sigara, simu na saruji, na vidogo vingine pembeni. Jambo la pili ni kwamba hisa kubwa zinaweza kulala. Bei ya TBL ilisimama kwenye Sh 10,900 na ya TCC kwenye Sh 17,000 kwa miaka kadhaa. Thamani ya biashara hizo haikusimama miaka yote hiyo; hisa zilikuwa mikononi mwa wamiliki wachache wasiouza. Aliyetazama fahirisi akiwa Musoma aliona utulivu. Kilichokuwepo ni ukosefu wa wanunuzi na wauzaji, na siku ambayo angehitaji kuuza kiasi kikubwa angeugundua ukweli huo dirishani kwa dalali.

Tuichukue hisa moja tuitazame kwa karibu, kwa sababu takwimu za jumla huficha maumivu. CRDB ilipouza hisa kwa umma mwaka 2009, bei ilikuwa Sh 150. Mwaka 2015 iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa Sh 350 kila moja, na wakati huo zilionekana rahisi. Mwisho wa 2019 bei ilikuwa chini ya Sh 150, yaani mwenye hisa za mwanzo alikuwa amekaa miaka kumi na bei iko nyuma ya alipoanzia, na aliyenunua kwa 350 alikuwa amepoteza zaidi ya nusu. Kisha ikageuka. Mwaka 2024 bei ilipita Sh 500, na gawio la mwaka 2023 lilikuwa Sh 50 kwa hisa. Kwa aliyenunua mwanzo, gawio la mwaka mmoja ni theluthi ya pesa yote aliyotoa. NMB, iliyouzwa kwa Sh 600 mwaka 2008, imepita Sh 5,000. Vodacom, iliyouzwa kwa Sh 850 mwaka 2017 baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 kwa umma, iliwaacha wanunuzi wake chini ya bei hiyo kwa miaka mingi.

Hakuna aliyejua mwanzoni ipi kati ya hizo ingekuwa ipi. Ndiyo maana mfuko unazishinda hisa za mojamoja kwa mtu wa kawaida, hata katika soko dogo kama letu. Lakini safari ya CRDB inafundisha pia kwamba katika soko dogo muda mrefu ni mrefu kweli. Miaka kumi haikutosha.

Kwa nini basi watu wa kwetu hawana mazoea haya? Jibu mojawapo liko Butiama. Azimio la Arusha la Februari 1967, ambalo Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alilisimamia kwa imani yote, lilimkataza kiongozi wa chama au serikali kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Mabenki na viwanda vikubwa vilitaifishwa. Kabla ya hapo Watanganyika wenye uwezo walinunua hisa kupitia soko la Nairobi, lililoanzishwa 1954 na kuhudumia Afrika Mashariki nzima. Masharti yale ya Azimio yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na sheria ya masoko ya mitaji ikatungwa 1994. Kizazi kizima, cha walimu, maofisa kilimo na wahasibu wa vyama vya ushirika, kilikulia mahali ambapo mtu mwadilifu hakuwa na hisa. Siwalaumu, na wala simlaumu Mwalimu. Alikuwa na sababu zake za kuogopa viongozi wanaonunua nchi. Nasema tu kwamba tumeingia darasani tumechelewa, na anayechelewa huwa rahisi kudanganywa.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu wa Bunda. Kabla ya kumuuliza anunue nini, tumuulize ana nini tayari. Ana mshahara wa serikali ya Tanzania. Ana mafao katika PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ambao sehemu kubwa ya mali zake ni hati fungani za serikali hiyohiyo na majengo yaliyo nchini. Ana kiwanja, pengine nyumba isiyokwisha. Mke wake au mume wake ana duka linalotegemea wakulima wa pamba wa Bunda wamelipwa au hawajalipwa. Kama ana akaunti ya benki, iko CRDB au NMB. Akiongeza mfuko wa hisa za ndani, ambao kwa asili yake umejaa CRDB na NMB, ameongeza kitu kilekile mara ya sita.

Watu wa Mara wanajua uchumi mmoja ukiyumba huwa inakuwaje. Kiwanda cha nguo cha Mutex kilikuwa fahari ya Musoma. Kikasimama, kikabinafsishwa, na hakikurudi kilivyokuwa. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuja na pesa nyingi, na samaki walipopungua ziwani baadhi vikafunga milango, na wapangaji wa nyumba za Makoko na Nyasho wakahama. Bei ya pamba hupangwa mbali, ikishuka huko Bunda nzima inajua kabla ya msimu kwisha. Wazee wafugaji walikuwa na jibu lao: ng'ombe wengine walilazwa kwa shemeji au rafiki katika kijiji cha mbali, ili ugonjwa au wezi wakiingia boma moja, kesho yake mtu awe na mahali pa kuanzia. Hawakufanya hivyo kwa kutarajia kwamba ng'ombe wa ugenini watazaa zaidi. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kununua hisa za dunia, na ni tofauti na ile inayotangazwa.

Inayotangazwa ni kwamba nje kuna faida kubwa zaidi. Hebu tuipime. Chukua makadirio ya tahadhari kwamba hisa za dunia zitakua kwa asilimia 7 kwa mwaka kwa dola. Soko letu lilipofunguliwa 1998 dola moja ilikuwa kama Sh 660, na katikati ya 2024 ilikuwa karibu Sh 2,600. Huo ni mteremko wa shilingi wa wastani wa asilimia 5 hivi kwa mwaka. Ukiunganisha, mwekezaji wa dola anapata kama asilimia 12 kwa shilingi. Sasa tazama hati fungani ya serikali ya Tanzania ya miaka 25: ilianza na riba ya asilimia 15.95, ikapunguzwa mwaka 2022 hadi asilimia 12.56, kisha mwaka 2024 ikarudi juu ya asilimia 15. Riba yake haikatwi kodi, na kiwango cha chini cha kununua ni shilingi milioni moja. Kwa hesabu hii, mtu aliyekaa Butiama bila kujua kuna mji unaoitwa New York ameshinda.

Ningependa wanaouza ndoto za dola mitandaoni waiweke hesabu hiyo mbele ya wateja wao. Na wanaouza hati fungani nao wawaonyeshe wateja wao hesabu ya pili, kwamba riba ikitumika kwa ada za shule na matumizi ya nyumbani, kinachorudi baada ya miaka 25 ni zile milioni zilezile. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5 tu kwa mwaka, milioni 10 zitakazorudi zitanunua vitu vya leo vya chini ya milioni 3. Mfumuko nao haukai daima kwenye asilimia 5. Mwisho wa 2011 ulikaribia 20. Riba inayorudishwa kununua hati nyingine nayo itakuta kiwango cha siku hiyo, kama walivyokikuta walionunua baada ya 2022. Hisa hufanya kazi tofauti. Kampuni hupandisha bei za bidhaa zake pamoja na maisha, na gawio lake likikua hukua na uchumi.

Halafu kuna jambo ambalo wastani haulisemi. Mwaka 1966 shilingi ya Tanzania ilipozaliwa, dola moja ilikuwa Sh 7.14. Mwaka 1985 ilikuwa kama Sh 17. Mwaka 1990 ilikuwa karibu Sh 195. Katika miaka mitano tu, akiba ya shilingi ilipoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nguvu yake mbele ya dola. Shilingi haishuki kidogokidogo kila mwaka kwa adabu. Hukaa, kisha huporomoka. Na wakati mwingine hupanda na kumwadhibu aliyekimbilia nje kwa hofu: kati ya Oktoba na Desemba 2024 dola ilitoka kama Sh 2,700 hadi karibu 2,400, na aliyehamisha pesa mwanzoni mwa kipindi hicho alianza safari yake ya miaka 25 akiwa nyuma kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa mtu wa muda mrefu hilo halina uzito. Kwa mwenye ada ya chuo ya mwaka ujao, ni msiba.

Asiyeamini kwamba nchi moja haitoshi, hata ikiwa tajiri, asome ya Japani. Fahirisi ya Nikkei ya Tokyo ilifika 38,915 tarehe 29 Desemba 1989, na haikuipita namba hiyo hadi Februari 2024. Mjapani aliyekuwa na miaka 30 alifika umri wa kustaafu akisubiri. Jirani zetu nao wana yao: fahirisi ya kampuni 20 za Nairobi ilipita 6,000 mwaka 2007, na mwaka 2020 ilikuwa chini ya 2,000. Gawio lilipunguza makali, ila halikuyaondoa. Kenya Airways, iliyokuwa kipenzi cha wengi, hisa zake zilisimamishwa Julai 2020 na hazikurudi sokoni hadi Januari 2025. Marekani yenyewe, kuanzia 2000 hadi 2009, iliwapa wawekezaji wa S&P 500 muongo mzima wa hasara, hata ukijumuisha gawio.

Tunaposema "dunia" tujue pia tunanunua nini. Katika fahirisi kubwa za kimataifa, Marekani peke yake ina zaidi ya nusu ya uzito. Afrika, ukiiondoa Afrika Kusini na Misri, karibu haimo. Kwa hiyo mfuko wa dunia ni mfuko wa kampuni kama Apple na Microsoft kwanza, na mengine hufuata. Kwa mwalimu wa Bunda hilo si baya, kwa sababu ndicho hasa asichokuwa nacho. Wala asihangaike kwamba kampuni za kwetu zinamilikiwa na wageni na kwa hiyo nazo ni za kimataifa. Ni kweli wenye hisa nyingi za TBL, saruji ya Twiga na TCC wako Ulaya na Japani, lakini mapato yao yanatoka kwa mnywaji, mjenzi na mvutaji wa hapa. Huyo akikosa pesa, hisa hizo zinakosa.

Yote haya ni nadharia hadi tufike kwenye njia ya kufika huko, na hapa ndipo wengi wanapokwama.

Kwa ndani, njia imerahisishwa sana. Vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS vilianza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, na leo mtu wa Kiabakari hununua kwa simu bila kupanda basi. Umoja si mfuko wa fahirisi. Ni mchanganyiko wa hisa na hati fungani unaoendeshwa na wasimamizi. Kwa soko letu naona mchanganyiko huo una maana zaidi kuliko fahirisi tupu, kwa sababu zile hati fungani zinaubeba mfuko hisa zinapolala. Kampuni binafsi kama iTrust Finance nazo zimeingia, na hivi karibuni mifuko inayouzwa sokoni kama hisa imeanza kuorodheshwa Dar es Salaam. Kodi ya gawio kwa kampuni zilizoorodheshwa ni asilimia 5, na mkazi mwenye hisa chache hatozwi kodi ya faida anapoziuza.

Kwa nje, sheria hutangulia. Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 iliweka mipaka ya mkazi wa Tanzania kupeleka mtaji nje. Mlango ulifunguliwa kwa masoko ya Afrika Mashariki mwaka 2014, na kanuni mpya zikatoka 2022, lakini nje ya kanda bado kuna masharti ya Benki Kuu, na ni juu ya mwekezaji kuuliza benki yake kabla ya kutuma. Kisha gharama. Benki ikikata dola 40 kwa uhamisho mmoja, anayetuma dola 100 ameanza na hasara ya asilimia 40, na hakuna soko duniani litakalomrudishia hiyo mapema. Anayekusanya hadi dola 4,000 na kutuma mara moja amelipa asilimia moja. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mpango na mchezo.

Kodi za Marekani zinahitaji uangalifu wa pekee. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo gawio la mfuko uliosajiliwa kule hukatwa asilimia 30. Mfuko unaofuata fahirisi ileile lakini uliosajiliwa Ireland hukatwa asilimia 15 kwa gawio la kampuni za Marekani. Kubwa zaidi ni mirathi: mgeni akifariki akiwa na hisa au mifuko ya Marekani ya zaidi ya dola 60,000, kinachozidi kinaweza kutozwa hadi asilimia 40 kabla warithi hawajagusa kitu. Mfuko wa Ireland hauingii mtego huo. Na hata bila kodi, fikiria mjane wa Mwisenge anayetakiwa kuthibitisha mirathi kwa kampuni ya ng'ambo iliyo na tawi kwenye simu ya marehemu tu, na nywila hakuna anayeijua. Mali ya nje isiyoandikwa mahali ni mali iliyopotea.

Wengine hutumia njia ya mkato: wanampa ndugu aliyeko Marekani, Uingereza au Oman pesa anunue kwa jina lake. Siishauri, hata ndugu awe mwaminifu kiasi gani. Kisheria mali ni yake. Akifilisika, akiachana na mwenzake au akifa, mahakama ya kule haitamuuliza mtu wa Bunda. Hatari nyingine ni matapeli wanaojipa sura ya kimataifa. Tuliona mwaka 2009 mpango wa upatu wa DECI ulivyofungwa baada ya watu kupanda mbegu za pesa kwa matumaini ya kuvuna maradufu, na tangu hapo majina yamebadilika, siku hizi yakija na dola, sarafu za mtandaoni na picha za majengo ya Dubai. Mfuko wa kweli wa fahirisi haumwahidi mtu chochote kwa mwezi. Anayetaja faida ya kila wiki hauzi hisa.

Sasa hukumu yangu. Kwa mwenye chini ya miaka kumi mbele yake, aache ya nje. Matumizi yake yatakuwa ya shilingi, na hati fungani na vipande vya ndani vinamtosha. Kwa mwenye miaka 20 au zaidi, msingi ubaki nyumbani, katika mfuko wa mchanganyiko na hati fungani, mpaka akiba yake ifike kiasi ambacho gharama ya kuhamisha haizidi asilimia moja. Kuanzia hapo apeleke nje, kwa njia iliyoruhusiwa, kati ya robo na theluthi ya akiba, katika mfuko mmoja wa dunia nzima wenye ada ndogo, mara moja au mbili kwa mwaka, bila kuangalia dola iko wapi wiki hiyo. Sioni sababu ya kuzidisha theluthi kwa mtu atakayezeekea Musoma, kwa kuwa dawa, mchele na fundi wa paa atawalipa kwa shilingi. Kwa Mmara aliyeko ughaibuni anayepanga kurudi Butiama, hesabu inageuka: mshahara na mafao yake yako nje tayari, hivyo upungufu wake uko nyumbani, na hati fungani za shilingi ndizo anazozikosa.

Ambaye hajafikia kiasi hicho, na ndio wengi wetu, hastahili kuambiwa asubiri hadi awe tajiri ndipo alinde akiba yake. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, Benki Kuu na UTT AMIS zinaweza kulimaliza hili kwa pamoja: mfuko unaouzwa kwa shilingi, kwa vipande vilevile vya simu, ambao sehemu yake inayojulikana imewekwa katika fahirisi ya dunia. Gharama ya kuhamisha ingegawanywa kwa maelfu ya watu, kibali kingeombwa mara moja na mfuko badala ya kuombwa na kila mwalimu peke yake, na mirathi ingebaki mikononi mwa mahakama zetu. Wabunge wa Mara, mnaopitisha sheria za fedha kila Juni mjini Dodoma, ulizeni kwa nini mfuko kama huo usifike kwenye simu ya mwalimu wa Bunda.